Breka inajikata kila jioni, na shemeji anataka kuweka kubwa zaidi

SWALI

Shikamoo baba,

Ninaendesha mgahawa mdogo Ngamiani, Tanga, kwenye fremu mbili nilizopanga katika nyumba ya zamani. Asubuhi tunauza chai, maandazi na chapati. Kuanzia saa kumi jioni ni chipsi, kuku na samaki. Miaka yote nilipikia mkaa. Mwaka huu nikaamua kuhamia umeme, kwa sababu moshi ulikuwa unawachosha wasichana ninaofanya nao kazi na bei ya mkaa haishikiki.

Nilinunua kikaangio cha matenki mawili. Kibati chake kimeandikwa volti 230, kilowati 6. Kilikuja na waya mnene bila plagi. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye fundi wetu wa umeme. Alifunga plagi ya kawaida ya pini tatu akachomeka kwenye soketi. Wiki haikuisha, plagi ikalainika na kugeuka rangi ya kahawia, na soketi nayo ikaungua. Akaziondoa, akavuta waya wa 2.5 (milimita za mraba) kutoka kwenye boksi la breka, kupitia paipu ileile yenye nyaya za friza, birika kubwa la maji ya chai na kabati la kioo la kupashia chakula. Akaweka breka ya ampea 20.

Tangu hapo mchana hatuna shida. Jioni wateja wakijaa, breka inajikata. Tunasubiri, tunaipandisha, baada ya muda inajikata tena, na siku hizi inakaa muda mfupi kuliko mwanzo. Mafuta yanapoa, chipsi zinanywa mafuta, wateja wanaondoka. Shemeji anasema breka ile ni dhaifu, ataleta ya 40 tusahau habari hii.

Jambo la pili: nimeshatoa kianzio cha oveni ya mikate iliyotumika, ya kilowati 9. Muuzaji anasema ni ya njia tatu, yaani ya umeme wa nyaya tatu za moto. Shemeji anasema ataiunganisha hivyohivyo kwenye umeme wetu wa njia moja. Nataka pia mashine ya kukandia unga yenye mota ya kilowati moja na nusu. Breka yetu kuu ni ya 63. Boksi liko mbele pembeni ya mita ya luku, kwenye ukuta unaopigwa jua la jioni, na kutoka hapo mpaka jikoni nyuma ni kama mita 25.

Nimkubalie? Waya na breka sahihi ni zipi? Na baba, huyu kijana hanitozi hata senti, mama mkwe anamsifia kila mahali. Nikiita fundi mwingine, nyumbani patakuwa na maneno. Nifanyeje?

Mama Chipsi, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Breka ya 40 isiingie kwenye waya ule, hata kwa usiku mmoja. Na kikaangio kizime kuanzia leo mpaka uvutwe waya mpya. Kwa siku hizo kaanga kwa gesi au rudi kwenye mkaa, wateja wavumilie. Waya ule umepikwa jioni nyingi ndani ya paipu, na plastiki yake inaweza kuwa imekauka na kupasuka mahali ambapo jicho halifiki.

Sasa nikupe hesabu, maana utazihitaji utakapokaa na shemeji yako.

Chukua wati za kikaangio ugawe kwa volti: 6,000 kwa 230 unapata ampea 26. Breka ya 20 inabebeshwa 26, yaani asilimia 30 zaidi ya namba yake. Breka hizi ndogo, zinazotengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60898, hazikati palepale mzigo unapozidi kidogo. Ndani yake mna bamba la metali mbili zilizobanwa pamoja, na bamba hilo hupinda kadiri linavyopata joto mpaka linafyatua. Kiwango kinasema hivi: breka ikibebeshwa mara 1.13 ya namba yake, isikate ndani ya saa nzima. Ikibebeshwa mara 1.45, ikate kabla saa haijaisha. Wewe uko kwenye 1.3, katikati ya mipaka hiyo miwili. Ndiyo maana breka inavumilia kwanza, kisha inashuka. Breka yako si dhaifu hata kidogo. Inafanya kazi iliyotengenezewa, na inaifanya vizuri.

Kwa nini mchana inatulia? Kwa sababu mchana oda ni chache. Mafuta yakishapata moto, themostati, yaani kidhibiti joto, inakata elementi zinazopasha mafuta, zinapumzika, bamba la breka linapoa. Jioni kapu la viazi vibichi vyenye maji linafuata jingine, mafuta hayafikii joto lake, themostati haipati nafasi ya kukata, na ampea 26 zinapita bila kupumzika. Ongeza na jua la magharibi kwenye boksi: mipaka ile niliyoitaja hupimwa kwenye joto la nyuzi 30, na boksi lililofungwa kwenye ukuta wenye jua la Tanga linapita hapo. Bamba linakuwa limeanza kupinda kabla hata hujawasha kikaangio.

Hilo la kukaa muda mfupi kuliko mwanzo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi katika barua yako. Metali inayopata moto na kupoa kila siku hulegeza skrubu. Muungano uliolegea unazalisha joto lake wenyewe, joto hilo linaulegeza zaidi, na mwisho wake ni cheche. Shemeji akizima breka kuu na kufungua boksi, natarajia atakuta ncha ya waya ule imebadilika rangi. Waambie na wasichana wako jambo hili: plastiki nyingi za soketi na breka zikianza kuungua hutoa harufu ya shombo. Kwenye jiko linalokaanga samaki kila siku, harufu hiyo mtu anaipita bila kuishangaa. Wakiisikia karibu na boksi au soketi, wazime kwanza ndipo waulize.

Tuje kwenye kosa lenyewe. Namba ya breka huchaguliwa kwa kuangalia waya unaotoka pale kwenda mbele. Mashine ikitaka ampea nyingi kuliko waya unavyoweza, kinachobadilishwa ni waya, na breka inafuata. Utaratibu ni mmoja tu na hauna njia ya mkato: mzigo usizidi breka, na breka isizidi uwezo wa waya mahali pale ulipolazwa. Haya maneno ya mwisho ndiyo mafundi wengi huyaruka. Mtu anakwambia waya wa 2.5 unabeba 24, na kwenye jedwali ni kweli. Kanuni za Uingereza za BS 7671, ambazo ufungaji wa kwetu umefuata desturi yake tangu zamani, zinaupa waya wa shaba wenye plastiki ya PVC ampea 24 ukiwa ndani ya paipu ukutani. Lakini namba hiyo ni ya waya za saketi moja peke yake ndani ya paipu, na hewa ya nyuzi 30. Hewa ikiwa nyuzi 40, unazidisha kwa 0.87. Saketi zikiwa nne katika paipu moja, kama zako, unazidisha tena kwa 0.65, kwa sababu kila waya unampasha mwenzake na joto halina pa kutokea.

24 mara 0.87 mara 0.65 ni ampea 13 na nusu. Huo ndio uwezo wa waya wako jioni, na umeubebesha 26. Joto ndani ya waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo: ukizidisha mkondo mara mbili, joto linakuwa mara nne. PVC ya kawaida imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Leo hii kinachouokoa waya huo usifike mbali zaidi ni ile breka ya 20 inayokukasirisha kila jioni. Ukiweka ya 40, ampea 26 zitapita usiku kucha na breka haitashtuka kamwe, kwa sababu kwake huo ni mzigo mwepesi. Chipsi zitatoka safi, wateja watarudi, shemeji atasifiwa, na ndani ya ukuta paipu itakuwa inapikwa pamoja na nyaya za friza na birika. Kisha siku moja plastiki itaachia, katika nyumba ya zamani, pengine usiku mmeshafunga na friza peke yake ndiyo inayofanya kazi.

Kuna na hasara ya kila siku ambayo huioni. Waya wa 2.5 unapoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Kwa ampea 26 na mita 25, zinapotea volti 11.7 njiani, wakati kikomo kinachokubalika kwa mashine za jikoni ni asilimia 5, yaani volti 11.5. Kwa hiyo hata tukisahau joto, waya huo umeshindwa kwa urefu. Kikaangio chako kinapata kama volti 218, na kwa volti hizo kilowati 6 zinashuka mpaka 5.4. Karibu wati 300 katika luku unayolipa zinapasha ukuta. Mafuta yanayochelewa kupata moto, na chipsi zinazonyonya mafuta, zina sehemu yao hapo.

Sahihi ni hivi. Mzigo ni 26. Breka inayofuata juu yake ni 32. Sasa waya uweze kubeba 32 kwenye joto lako: 32 gawa kwa 0.87 ni karibu 37, na jedwali linasema waya wa 4 unabeba 32, wa 6 unabeba 41. Chukua wa 6. Hata jiko likifika nyuzi 45, ambapo unazidisha kwa 0.79, waya wa 6 bado unaibeba breka hiyo, kwa shida lakini unaibeba. Kwa mita 25 utapoteza volti zisizofika 5.

Ila sharti lake ni paipu ya peke yake. Ukiusukuma waya huo kwenye paipu ileile ya saketi nyingine tatu, hesabu inakuwa 32 gawa kwa 0.87 gawa kwa 0.65, ambayo ni karibu 57, na hapo unalazimika kununua waya wa 10, mgumu kupinda na ghali zaidi. Paipu mpya ya plastiki ni rahisi mno ukilinganisha na tofauti hiyo ya shaba. Ipite mbali na bomba la moshi na isipite juu ya kikaangio. Jikoni iishie kwenye swichi kubwa ya jiko, ile ya ampea 45, iliyofungwa pembeni mahali ambapo msichana wako anaweza kuifikia bila kunyoosha mkono juu ya mafuta. Nimeona swichi za namna hii zimefungwa ukutani nyuma kabisa ya kikaangio, na huwa nasikitika kila mara, kwa sababu siku mafuta yakishika moto hakuna anayeweza kuizima. Kutoka kwenye swichi kwenda kwenye kikaangio tumia kebo ya mpira inayostahimili joto, si ya PVC nyeupe inayolainika ikigusa mwili wa mashine.

Plagi nayo tuimalize. Hizi plagi zetu za pini bapa mwisho wake ni ampea 13, sawa na kilowati 3 hivi. Kisichofika hapo, chomeka. Kinachozidi hapo kinataka njia yake yenyewe kutoka kwenye boksi. Tena mwambie shemeji afungue plagi ile iliyoyeyuka mtazame fyuzi iliyokuwemo. Fyuzi halisi ya 13, ikibebeshwa mara mbili yake mfululizo, inapaswa kukatika kabla plagi haijageuka rangi. Plagi ikiyeyuka huku fyuzi nzima, mara nyingi fyuzi ni bandia, au kuna mtu aliyeweka kipande cha waya mahali pake. Kama ni hivyo, kagueni plagi zote za mgahawa, na ya birika iwe ya kwanza, kwa sababu birika la kilowati 3 linakaa ukingoni kabisa mwa uwezo wa plagi.

Oveni. Kwa njia moja, kilowati 9 ni ampea 39. Ukijumlisha na 26 za kikaangio, umeshapata 65, na breka yako kuu ni ya 63, kabla hujawasha taa, friza wala birika. Kwa hiyo hata kama oveni hiyo inaunganishika kwa njia moja, huduma yako haina pa kuiweka. Na si kila oveni inaunganishika. Kama elementi zake ni za volti 230 kila moja, na mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko chake unaonyesha namna ya kuziunga kwa njia moja, inawezekana, kwa breka ya 50 na waya wa 16. Kama elementi ni za volti 400, ukizipa 230 zitatoa theluthi moja tu ya nguvu. Mikate itakauka kabla ya kuiva, utafikiri hamira mbovu. Na kama feni yake ya ndani ina mota ya njia tatu, haitaanza kabisa. Itanguruma mpaka iungue.

Ushauri wangu ni kuomba njia tatu TANESCO. Utahitaji ridhaa ya mwenye nyumba, na kazi ya ndani ithibitishwe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya daraja linaloruhusu ukubwa huo. Kwa njia tatu mambo yanalegea: oveni inakula ampea 13 tu kwa kila fezi, yaani kila waya wa moto. Mimi ningeiwekea breka ya miguu mitatu ya 20 na waya wa 4. Kwa hesabu tupu, 16 na waya wa 2.5 zinatosha, lakini oveni ya mikate inafanya kazi saa nyingi mfululizo kwenye chumba cha moto, na mwenye kiwanda akiwa ameandika namba yake kwenye kitabu cha mashine, hiyo ndiyo inayofuatwa. Kikaangio kikae fezi ya kwanza, birika na kabati la kupashia fezi ya pili, mashine ya unga, friza na taa fezi ya tatu. Hapo hakuna fezi inayofika ampea 45, na bado una nafasi ya kukua.

Boksi jipya likifungwa, liwe kivulini. Na skrubu ya nyutro, waya wa kurudishia umeme, ikazwe kwa uangalifu kuliko zote. Kwenye njia tatu nyutro ikiachia, vifaa vya volti 230 vinaanza kugawana volti 400 bila usawa: birika linazubaa huku friza na taa zinaungua.

Mashine ya kukandia unga ina tabia tofauti na kikaangio. Usigawe wati kwa volti, kwa sababu kilowati moja na nusu iliyoandikwa ni nguvu inayotoka kwenye mota, wakati umeme unaoingia ni mwingi zaidi. Soma ampea kwenye kibati chake. Kwa mota ya njia moja ya ukubwa huo tarajia kama 10 au 11. Ila inapoanza kuzunguka, hasa unga ukiwa umeshashikana, inavuta mara tano mpaka saba ya hapo kwa muda mfupi sana. Breka ya aina B inakata papo hapo kwenye mara 3 hadi 5 ya namba yake. Ya aina C kwenye mara 5 hadi 10. Herufi hiyo imeandikwa mbele ya namba usoni mwa breka. Kwa mashine hii nunua C16 na waya wa 2.5 kwenye paipu yake. Ukiwekewa B16, itashuka kila asubuhi, na mtu atakuja tena na wazo la kuleta breka kubwa.

Katika barua yako hukutaja erthi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, wala kinga ya mshtuko, na kwenye jiko lenye sakafu iliyoloa ni lazima nilitaje. Breka ya kawaida haimlindi mtu aliyeshika mashine yenye umeme mwilini. Chukua erthi inayotegemea rodi pekee iliyochomekwa ardhini, yenye ukinzani wa omu 20: waya wa moto ukigusa mwili wa kikaangio, zitapita ampea 11 na nusu tu kwenda ardhini, na breka ya 32 haitajua kuna jambo. Kinachookoa maisha hapo ni breka inayokata umeme ukivuja kidogo, ile mafundi wanayoiita RCD, ya miliampea 30. Usikubali moja kwa jiko zima. Elementi za kikaangio zilizokaa siku kadhaa bila kuwashwa hunyonya unyevu, nazo zikiwashwa huvuja kidogo na kuiangusha RCD. Ikianguka usiku au siku ya mapumziko, na friza inazima, nyama inaoza. Kila saketi kubwa iwe na yake, iliyounganishwa na breka yake katika kifaa kimoja, inayouzwa kwa jina la RCBO. Kuna kitufe cha kujaribia. Kibonyezeni kila baada ya miezi michache. Na erthi ipimwe kwa kifaa, isitazamwe kwa macho.

Kwa kuwa nyumba ni ya zamani, kuna hatari nyingine ya rangi. Nyaya za mtindo wa zamani: nyekundu, njano na buluu ni moto wa fezi tatu, nyeusi ni nyutro. Za mtindo mpya, ambao Uingereza ilianza kuutumia mwaka 2004: kahawia, nyeusi na kijivu ni moto, buluu ni nyutro. Tazama nyeusi na buluu zilivyobadilishana kazi. Mkivuta nyaya mpya ndani ya nyumba yenye za zamani, fundi atie alama kila ncha na apime kila waya kabla ya kuugusa, asiamini rangi.

Dukani nako fumbua macho. Kuna waya unaouzwa kama wa shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kwaruza ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani, rudisha. Kuna na ule ulioandikwa 6 lakini umepunguzwa unene. Waya halisi wa 6 una nyuzi saba, kila uzi unene wake kama milimita 1.04, wa 4 una nyuzi saba za 0.85. Fundi aende na kipimo cha venia, kile cha kupimia unene. Hesabu zote nilizokupa hapa ni za shaba kamili, na ukinunua nyembamba hazina maana. Tafuta na alama ya TBS, shirika la viwango, kwenye rola.

Sasa shemeji. Sijamwona kijana mwovu katika barua yako. Nimeona kijana anayependa familia yake, anayefanya kazi bure, na ambaye hajafundishwa kuzidisha kwa 0.87. Usimwitie mtu wa kumsahihisha mbele ya wafanyakazi, wala usimfikishe kwa mama mkwe. Kaa naye wewe na mume wako, faragha, mpe karatasi hii asome mwenyewe. Mwambie kwamba mgahawa umekua kuliko kazi ya soketi na taa, na njia tatu inahitaji sahihi ya mwenye leseni. Hilo ni takwa la huduma yenyewe na halina uhusiano na yeye kudharauliwa. Kisha umwombe ashirikiane na mkandarasi huyo: avute paipu, alaze nyaya, afunge swichi, na mwenzake apime na kusaini. Na mlipe, mwanangu. Mlipe hata kidogo. Kazi ya bure inamfunga mdomo anayepokea, na wewe umekaa na breka inayojikata muda wote huo kwa sababu huna pa kuanzia kulalamika. Akikataa kabisa na kushikilia breka yake ya 40, hapo mume wako ndiye aongee na mdogo wake, na neno lenu lisiyumbe.

Fedha zikiwa chache, anza na waya wa 6, paipu yake, na breka ya 32 iliyo pamoja na kinga yake ya miliampea 30. Hata njia tatu ikija baadaye, kazi hiyo haipotei. Wakati huohuo kagueni nyaya za friza, birika na kabati zilizokuwa paipu moja na ule wa kikaangio, maana nazo zimepashwa. Zikiwa zimekauka, zitolewe zote. Halafu njia tatu. Oveni na mashine ya unga zisubiri mpaka hapo.

Kuhusu kianzio ulichotoa, rudi kwa muuzaji kabla ya kumaliza deni. Mwombe afungue kifuniko cha nyuma, piga picha kibati na mchoro wa miunganiko, na apime mbele yako uvujaji wa kila elementi kwa kifaa cha volti 500. Akikataa kupima, mwombe akurudishie fedha yako.